Kutoka Engozi hadi Timu za Vijiji: Vikundi vya Wanakijiji Uganda Vilivyoshikana Kumwokoa Mama na Mtoto

Waswahili husema, kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, lakini ni nadra kuichunguza ikifanya kazi ndani ya historia yetu wenyewe. Makala haya yanadhamiria kufanya hivyo kwa kuangalia jinsi vikundi vya wanakijiji nchini Uganda vilivyokuja kufuata lengo moja: mama ajifungue salama na mtoto wake aishi.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Rukiga na Runyankole, engozi ni machela ya kubebea mgonjwa. Neno hilo hilo hutumika kwa mbeleko ya mtoto. Majirani zetu wa Rwanda husema ingobyi, nao hulitumia kwa maana hizo mbili. Kwa hiyo, anayebebwa kwenda hospitalini hubebwa kwa neno lile lile alilobebewa utotoni mgongoni mwa mamaye.

Katika milima ya Kigezi, ambako vijia ni vyembamba na gari halifiki kila mahali, engozi ilikuwa pia jina la chama. Kaya za kijiji ziliungana, kila moja ikatoa wabebaji kwa zamu, na aliyekosa kufika bila sababu alitozwa faini. Mja mzito aliposhikwa na uchungu usiku, jamaa zake walipiga mbiu na majirani wakaja na machela. Vyama hivi havikuanzishwa na wizara wala mfadhili. Vilizaliwa na shida ya mlima.

Hata hivyo, engozi ilimfikisha mama mlangoni mwa hospitali tu. Gharama za matibabu zilibaki juu ya familia, na wengi waliogopa kuanza safari ambayo mwisho wake ni deni. Hapa ndipo Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, inapoingia katika historia hii. Hospitali hiyo ya Kanisa la Uganda ilianzishwa mwaka 1958, kando ya maporomoko ya maji yenye kumbukumbu chungu. Inasimuliwa kwamba zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walitupwa humo na jamaa zao. Mahali palipokuwa pa kumwangamiza mwenye mimba pakawa pa kumzalisha.

Mwaka 1996 Kisiizi ilianzisha bima ya afya ya jamii, ya kwanza ya aina yake nchini. Badala ya kumwandikisha mtu mmoja mmoja, hospitali iliviandikisha vyama vya engozi. Sababu yake ni ya busara. Mtu akijiunga peke yake, wanaotangulia kujiunga ni wagonjwa na mfuko hukauka haraka. Kijiji kikiingia pamoja, wazima huwachangia wagonjwa, na mwaka unaofuata huenda zamu ikageuka. Zaidi ya hayo, engozi tayari ilikuwa na kiongozi, orodha ya kaya na desturi ya kuchanga.

Mwaka huo huo, mashariki mwa nchi, wilaya ya Iganga ilianza mradi uliojulikana kama RESCUER kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu. Wakunga wa jadi walipewa redio za mawasiliano. Mkunga alipoona hatari alikiita kituo cha afya, na kituo kikaomba gari. Taarifa za mradi zilionyesha vifo vya uzazi vikishuka kutoka takribani 500 hadi 271 kwa kila vizazi hai 100,000 katika miaka mitatu.

Ili kuelewa kwa nini njia hizi zilifaa, tukumbuke maelezo ya watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine ya mwaka 1994. Walisema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Engozi ilipambana na kuchelewa kwa pili. Bima ilipunguza kule kwa kwanza kwa kuondoa hofu ya deni. Redio ilimtayarisha daktari kabla mgonjwa hajafika. Hakuna kikundi kimoja kilichoweza kuyamaliza yote matatu.

Mwaka 2001 serikali iliondoa ada katika vituo vya umma na kuanzisha Timu za Afya za Vijiji. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini takwimu zilisita. Utafiti wa kitaifa wa 2006 ulikadiria vifo 435 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2011 ukakadiria 438. Sababu ni nyingi. Mojawapo ni kwamba mashirika mengi yaliingia vijijini, kila moja likiwa na mafunzo yake na daftari lake. Vidole vilikuwepo, ila havikukutana.

Mwaka 2012 mradi wa Saving Mothers, Giving Life uliziunganisha wilaya nne za magharibi: Kabarole, Kamwenge, Kibaale na Kyenjojo. Timu za vijiji ziliwahimiza wajawazito, waendesha bodaboda walilipwa kwa vocha, na vituo viliongezewa wahudumu na vifaa. Kila mmoja alishughulikia kipande chake cha njia, lakini lengo lilipimwa kwa pamoja. Hadi 2016 vifo vya uzazi katika wilaya hizo vilishuka kutoka 452 hadi 255. Nchi nzima, utafiti wa 2022 ulikadiria vifo 189, na akina mama 91 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya.

Je, sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunahusikaje? Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kazi ya kutafsiri nyaraka za afya itawaangukia wahitimu wetu. Mfasiri atakayeandika "machela" kwa engozi atakuwa amefasiri miti na kamba tu. Zamu, faini, mchango na majirani wanaoamka usiku watakuwa wamepotea. Afadhali aandike "chama cha engozi" na kukieleza. Msomaji akidhani kijiji hakikuwa na kitu, atakuja kuunda kamati mpya juu ya chama kilichokuwepo, na mama ataendelea kusubiri njiani.

Shime basi, tuwatume wanafunzi wetu wakawasikilize wazee wa vyama hivi na kuandika istilahi zao kabla hazijasahaulika. Uratibu tunaoutafuta katika mipango mipya, wabebaji wa engozi waliujua tangu zamani: machela ikipoteza mbebaji mmoja, huelemea upande.