Utatuzi wa hitilafu katika kompyuta ya Linux

Utatuzi wa hitilafu katika kompyuta ya Linux ni kazi ya kutafuta chanzo cha tatizo katika mashine inayotumia mfumo endeshi huo, kisha kukiondoa bila kuharibu kilichobaki kizima. Linux yenyewe, kwa maana halisi, ni kiini tu cha mfumo. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Kinachowekwa kwenye kompyuta ya mezani au mpakato ni kiini hicho pamoja na programu nyingi za miradi mbalimbali, zikiwa zimefungashwa pamoja na watayarishaji wa matoleo kama Debian, Fedora, Ubuntu au Linux Mint. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kujua ni sehemu ipi iliyogoma: kiini, kiendeshi cha kifaa, huduma inayofanya kazi chinichini, au programu ambayo mtumiaji anaiona kwenye skrini.

Mfumo huu una tabia inayomfaa sana mtafutaji, nayo ni kuandika karibu kila linaloupata. Matoleo mengi ya leo hutumia systemd, programu iliyoanza mwaka 2010, ambayo hutunza shajara ya matukio yote tangu mashine inapowaka. Amri `journalctl -b` huonyesha yaliyotokea tangu kompyuta iwashwe. `journalctl -b -1` huonyesha ya mara iliyotangulia, na hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi pale mashine ilipoganda ikalazimika kuzimwa kwa kitufe, ili mradi shajara iwe inahifadhiwa kwenye diski. Ikiongezwa `-p err` hubaki makosa tu. Ujumbe wa kiini chenyewe husomwa kwa `dmesg`, na huduma zilizoshindwa kuamka huorodheshwa na `systemctl --failed`.

Mafundi wengi waliozoea kupiga Windows upya hukimbilia kufuta diski na kuanza moja. Kwenye Linux hatua hiyo mara nyingi ni kupoteza muda. Kama kosa limo katika kifaa au kiendeshi chake litarudi palepale, na kama limo katika faili moja ya mipangilio, kuirekebisha ni kazi ya dakika chache. Kilicho muhimu ni kubadilisha jambo moja, kujaribu, ndipo kugusa la pili. Anayenakili amri tano alizozikuta mahali na kuzitekeleza kwa mkupuo hawezi kujua ni ipi iliyotibu na ni ipi iliyoleta ugonjwa mpya.

Kompyuta isiyowaka hadi mwisho

Kitufe kikibonyezwa, kwanza huamka programu iliyomo ndani ya bodi kuu, yaani UEFI, au BIOS kwa mashine za zamani. Hiyo huita GRUB. GRUB hupakia kiini pamoja na initramfs, furushi dogo lenye viendeshi vya kutosha kuifikia diski. Kiini kikishaamka huikabidhi kazi systemd, nayo huamsha huduma hadi skrini ya kuingilia itokee. Mahali mashine ilipokwama katika mfuatano huo ndipo pa kuanzia.

Kompyuta yenye mifumo miwili ikiingia Windows moja kwa moja bila kuuliza, haina maana kwamba Linux imefutwa. Kwa kawaida Windows imejiweka ya kwanza katika orodha ya UEFI, na inatosha kubadilisha mpangilio huo kwenye mipangilio ya bodi kuu, au kwa amri `efibootmgr` kutoka ndani ya Linux. Maandishi `grub rescue>` ni jambo jingine: GRUB imeamka lakini haizioni faili zake, pengine kwa kuwa sehemu ya diski imefutwa au imehamishwa. Hapo huhitajika flashi yenye Linux inayowaka bila kuwekwa kwenye diski. Mtu huiwasha mashine kwa flashi hiyo, huipachika sehemu ya diski yenye mfumo, huingia ndani yake kwa `chroot`, na kwenye Debian na jamaa zake huendesha `grub-install` na `update-grub`. Flashi ya namna hiyo inafaa iwe tayari kabla ya siku ya tatizo, kwani kompyuta iliyogoma haiwezi kuitengeneza.

Skrini ikiwa nyeusi mara tu baada ya GRUB, mshukiwa wa kwanza ni kadi ya michoro. Kwenye orodha ya GRUB, ambayo huitwa kwa kushikilia Shift kwenye BIOS au kubonyeza Esc kwenye UEFI, mtumiaji hubonyeza e, huongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha hubonyeza Ctrl na X. Badiliko hilo ni la kuwaka mara moja tu, kwa hiyo halina hatari. Mashine zenye kadi za NVIDIA hupatwa na hali hii hasa baada ya kiini kusasishwa, pale kiendeshi cha kampuni hiyo kinaposhindwa kujengwa upya kwa ajili ya kiini kipya, au pale Secure Boot inapokikataa kwa kuwa hakina saini inayotambulika. Orodha ya GRUB huwa na viini vya awali pia. Kuchagua kimojawapo ndiyo njia rahisi ya kuthibitisha kwamba kosa limeletwa na sasisho.

Hatua ya mwisho ya kukwama ni ile ambapo mfumo huingia katika hali ya dharura na kuomba nenosiri la mtumiaji mkuu. Sababu mbili hutawala. Ya kwanza ni mstari wa faili `/etc/fstab` unaotaja diski ambayo haipo tena. Kwa kawaida systemd huisubiri sekunde 90 kisha hukata tamaa, na dawa ni kuufuta mstari huo au kuuongezea neno `nofail`. Ya pili ni mfumo wa faili ulioharibika, jambo la kawaida panapokuwa na umeme wa kukatikakatika na kompyuta isiyo na betri ya akiba. Mfumo wa faili wa ext4 una jarida linaloirudisha diski katika hali ya kueleweka baada ya kuzimika ghafla, na mara nyingi mtumiaji hata hajui kwamba limefanya kazi. Likishindwa, amri `fsck` huitengeneza sehemu hiyo, kwa sharti moja lisilo na msamaha: sehemu hiyo isiwe imepachikwa wakati huo. Kuendesha `fsck` juu ya diski inayoandikwa ni kuimalizia kabisa.

Diski iliyojaa

Hitilafu nyingi zinazoonekana za ajabu huishia hapa. Mtumiaji huandika nenosiri, linakubaliwa, skrini inapepesa, kisha anarudishwa palepale pa kuingilia. Nenosiri halina kosa. Mazingira ya kazi yameshindwa kuandika faili zake kwa kuwa nafasi imekwisha. Ctrl, Alt na F3 zikibonyezwa pamoja hufungua ukurasa wa maandishi matupu, na humo `df -h` husema ukweli mara moja. Kuipata faili inayokula nafasi ni kazi ya `du -xh --max-depth=1 / | sort -h`, ikirudiwa ndani ya kila saraka nzito.

Wakati mwingine `df -h` huonyesha nafasi tele na bado mfumo unalalamika. Hapo hutazamwa `df -i`, kwani idadi ya faili ina kikomo chake katika ext4, na mamilioni ya faili ndogondogo huweza kukifikia kabla ya gigabaiti kwisha. Kinyume chake pia hutokea: faili kubwa imefutwa lakini nafasi haikurudi, kwa sababu programu fulani bado imeishikilia. `lsof +L1` huitaja programu hiyo, na ikiwashwa upya nafasi hurudi. Tena, ext4 huweka kando asilimia 5 ya diski kwa ajili ya mtumiaji mkuu, ndiyo maana mtumiaji wa kawaida huambiwa diski imejaa wakati yeye bado anaona kuna kitu kimebaki.

Shajara iliyonenepa hupunguzwa kwa `journalctl --vacuum-size=200M`. Sehemu ya `/boot`, ikiwa imetengwa, hujaa viini vya zamani, na kwenye Ubuntu `apt autoremove` huviondoa.

Kuzungushwa kwenye skrini ya kuingilia kuna chanzo kingine pia. Mtu ameendesha programu ya madirisha kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, na faili kama `.Xauthority` iliyo kwenye saraka yake imegeuka kuwa mali ya mtumiaji mkuu. Kuirudisha kwa mwenyewe kwa `chown` hutosha. Kwa matatizo ya ruhusa kwa jumla, ushauri unaoenezwa sana wa kuandika `chmod -R 777` ni ushauri mbaya. Humfungulia kila mtu kila faili, na baadhi ya programu, SSH ikiwamo, hukataa kutumia ufunguo wa siri ambao wengine wanaweza kuusoma.

Vifurushi vilivyokwama

Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, programu huwekwa kwa `apt`. Ikisema kwamba faili ya kufuli inashikiliwa, maana yake kuna kazi nyingine ya kusasisha inayoendelea, mara nyingi ile ya kujiendesha yenyewe muda mfupi baada ya kompyuta kuwaka. Dawa ni kusubiri. Kuifuta faili ya kufuli kwa nguvu huruhusu kazi mbili ziandike kwenye daftari moja la vifurushi, na madhara yake ni makubwa kuliko kuchelewa. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, `dpkg --configure -a` humalizia vilivyoachwa njiani, kisha `apt --fix-broken install` hutafuta vinavyokosekana. Migongano isiyokwisha karibu kila mara hutokana na kuongeza hazina ya vifurushi iliyotengenezwa kwa toleo jingine.

Mtandao na saa

Kadi ya Wi-Fi isiyoonekana huchunguzwa kwa `lspci -k`, inayotaja kifaa na kiendeshi kinachokihudumia. Kama mstari wa kiendeshi haupo, kinakosekana, jambo linalofahamika sana kwa kadi za Broadcom. Njia nyepesi ya kukipakua ni kuiunganisha simu kwa waya wa USB na kutumia intaneti yake, kwani muunganisho huo kwa kawaida hauhitaji kiendeshi cha ziada. Kama kiendeshi kipo lakini kadi imelala, `rfkill list` huonyesha iwapo imezimwa kwa kitufe au kwa programu.

Mtandao ukiwapo na kurasa zisifunguke, hujaribiwa `ping 8.8.8.8` na kisha `ping` ya jina la tovuti. Namba ikijibu na jina lisijibu, kosa liko kwenye DNS, huduma inayogeuza majina kuwa namba, na `resolvectl status` hutaja seva inayoulizwa.

Saa isiyo sahihi ina habari ndefu zaidi. Windows huichukulia saa ya bodi kuu kuwa saa ya mahali, ilhali Linux huichukulia kuwa UTC. Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa tatu mbele ya UTC. Kwa hiyo mwenye mifumo miwili akitoka Windows na kuingia Linux bila intaneti huikuta saa imetangulia kwa saa tatu kamili, na akirudi Windows baada ya Linux kuisahihisha huikuta nyuma kwa kiasi hichohicho. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi tofauti ni saa mbili. Amri `timedatectl set-local-rtc 1` huifanya Linux ifuate desturi ya Windows. Wasanifu wa systemd hawaipendi, hasa kwa sababu ya nchi zinazobadilisha saa majira yakibadilika, sababu isiyo na uzito katika miji iliyotajwa, ambayo haibadilishi saa.

Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapochomolewa kwenye umeme, betri ndogo ya bodi kuu, kwa kawaida ya aina ya CR2032, imekwisha. Kivinjari huzikataa tovuti kwa madai kwamba vyeti vyake havijaanza kutumika, na mtumiaji hulaumu mtandao bure.

Sauti na kuganda

Sauti ikipotea, kwanza hutazamwa kama haijaelekezwa kwenye HDMI, kisha hufunguliwa `alsamixer`, ambamo herufi MM chini ya nguzo humaanisha imefungwa.

Mashine kuwa nzito huhitaji uangalifu zaidi. `free -h` huonyesha RAM iliyo tupu kuwa ndogo mno, na wengi hushtuka. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi yaliyosomwa kutoka kwenye diski, na huiachia pindi programu inapoihitaji. Safu ya kutazamwa ni ile ya `available`. Ikikaribia sifuri kweli, kiini huchagua programu na kuiua, nayo shajara hubaki na alama ya OOM na jina la iliyouawa. Skrini ikiganda kabisa, Alt na SysRq zikishikiliwa, S huandika yaliyosalia kwenye diski, U huifunga diski isiandikwe tena, na B huwasha upya. Ubuntu huziruhusu herufi hizo tatu bila mipangilio ya ziada, na njia hiyo ni salama kuliko kushikilia kitufe cha kuzimia.

Kifaa kilichochoka

Baadhi ya hitilafu hazitibiwi kwa amri. Programu tofautitofauti zikianguka bila mpangilio, RAM hupimwa kwa Memtest86+, ikiachwa usiku kucha. Diski ikigeuka yenyewe kuwa ya kusomwa tu, na `dmesg` ikajaa makosa ya kusoma, `smartctl -a` huonyesha hesabu za afya yake. Idadi ya sekta zilizohamishwa ikiongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Diski ya namna hiyo isifanyiwe `fsck` kwanza, kwani kazi hiyo huizidishia mzigo. Inakiliwe nzima kwenye diski nyingine kwa `ddrescue`, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka na kuziacha mbovu hadi mwisho, na ikipewa faili ya kumbukumbu huweza kusimamishwa na kuendelea ilipoishia. Ukarabati hufanywa kwenye nakala.