UMISSETA ilivyokatika: habari za Kisarawe na Kibaha

Test ya saikolojia ya elimu nimeshaimaliza (matokeo tusiulizane), kwa hiyo leo nalipa deni. Niliahidi kuandika habari za michezo ya mashuleni kwetu Pwani.

Tuanzie Kisarawe. Minaki mnayoijua haikuzaliwa pale. Ilikuwa St. Andrew's College, chuo cha wamisheni wa UMCA kule Kiungani, Zanzibar, na kilihamia Minaki mwaka 1925. Vijana wa Kiungani walikuwa wanapiga kandanda kabla hata karne ya 19 haijaisha. Wamisheni hao walikuja na desturi za shule za kwao Uingereza, yaani kengele, mabweni, na jioni lazima uwanjani. Kwa hiyo ukiona leo mwalimu wa zamu anafukuza watu bwenini saa kumi, ujue ni urithi wa siku nyingi.

Kibaha ni hadithi nyingine. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa serikali mwaka 1970. Eneo lina nafasi kweli, ndio maana mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanamichezo wa UMISSETA wa nchi nzima walikutana Kibaha. Baadaye mashindano yakahamia Mwanza, Mtwara, Tabora na kwingineko.

Kwa wasiojua ngazi zake: unaanza shuleni, unapanda wilaya, halafu mkoa, halafu taifa. Shule za msingi wana UMITASHUMTA yao.

Sasa pale katikati ndipo panaponiuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hii ilisimamishwa, hoja ikiwa inakula muda wa masomo. Ikarejeshwa kabla muongo haujaisha. Kwenye notisi zetu hiyo ni sentensi moja tu. Kwa mjomba wangu ilikuwa sekondari yake yote. Alikuwa anasoma Kisarawe na anakimbia mita 800, peku, na mwalimu wake alikuwa keshamwambia mkoani atafika. Ngazi zikakatika yeye akiwa kidato cha pili. Ziliporudi alikuwa tayari anapakia mkaa kwenye malori. Simlaumu mtu, ila naomba mwenye hoja ya muda wa masomo anionyeshe divisheni wani alizopata mjomba kwa muda ule uliookolewa.

Maana hebu tuangalie. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mwanzo mpaka utepe. Mwaka 1980 Moscow alipata fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3000, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5000. Nyambui alikuwa anasoma Texas, El Paso, huko ambako vyuo vina ligi zao na bingwa wa chuo anajulikana nchi nzima. Medali hizo mbili ndizo pekee za Olimpiki tulizonazo mpaka leo. Alphonce Simbu ametupoza kwa dhahabu ya marathoni ya ubingwa wa dunia, Tokyo 2025, lakini ile ni Olimpiki nyingine bwana.

Bayi naye akaja kujenga shule. Sekondari yake iko Mkuza, Kibaha hapo hapo.

Mwaka jana field yangu ilikuwa Kibaha. Nilipewa historia kidato cha pili, na kwa kuwa mimi ndiye kijana, nikatwishwa na michezo. Kuna binti mmoja aliwaacha wenzake nusu uwanja kwenye 800. Saa yenyewe ya kupimia ilikuwa simu yangu. Jioni nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Nimepata mkimbiaji."

"Marahaba. Anakimbia na viatu?"

"Peku."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza namba ya mguu wake.