Kinyota kinacholinda diski: Ulinganishaji wa ruwaza ndani ya kiini cha Linux

Na Mwandishi Wetu

KIINI ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vingine vyote vya kompyuta. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake na kazi nyingine huendelea. Kiini kikikosea, kompyuta nzima yaweza kusimama. Ndiyo maana kuongeza hata funksheni moja ndogo ndani yake hupimwa kwa makini.

Mfano mzuri ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambayo kiini chake ndicho kinachoendesha pia simu za Android. Mwaka 2014 maktaba ya ndani ya kiini hicho iliongezewa funksheni ya kulinganisha ruwaza, iitwayo glob_match. Ruwaza ni maandishi yenye alama za badala. Kinyota (*) husimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi au zisiwepo kabisa. Alama ya kuuliza (?) husimama badala ya herufi moja tu.

Funksheni hiyo ilihitajika kwa sababu ya diski. Kila diski inapounganishwa hujitambulisha kwa jina la modeli yake, na kiini hulitafuta jina hilo katika orodha ya diski zenye kasoro. Kwa kuwa modeli ni nyingi mno, orodha hutumia ruwaza. Mwaka 2015, kwa mfano, iliingizwa ruwaza "Samsung SSD 8*", ili diski za jamii hiyo zisipelekewe kwa foleni amri ya kuzitajia sehemu zisizotumika tena. Jina likilinganishwa vibaya, diski yaweza kupewa amri isiyoimudu, na kumbukumbu za mwenyewe zikapotea.

Ugumu wa kwanza ni nafasi. Kiini hufanyia kazi zake katika eneo dogo la kumbukumbu liitwalo staki. Katika kompyuta za kawaida za biti 64, eneo hilo lilikuwa kilobaiti 8 kwa kila kazi, hadi lilipoongezwa kuwa 16 mwaka 2014. Funksheni iliyotumiwa awali na sehemu ya diski ilijiita yenyewe upya kila ilipokuta kinyota, na kila mwito hula staki. Ile mpya haijiiti: hukumbuka mahali pa kinyota cha mwisho, na ikikwama hurudi hapo.

Ugumu wa pili ni muda. Ruwaza changamano zaweza kuifanya kompyuta ijaribu njia nyingi kupita kiasi. Julai 2, 2019, ruwaza moja ya aina hiyo ilimaliza nguvu za vichakato vya kampuni ya Cloudflare, na tovuti nyingi zikakosa kupatikana kwa dakika 27. Hiyo haikuwa ndani ya kiini. Ingekuwa humo, madhara yangekuwa makubwa zaidi. Kwa glob_match, kazi haizidi kiwango cha urefu wa ruwaza ukizidishwa kwa urefu wa jina.

Kwa kutafuta maneno ndani ya mawasiliano ya mtandao, Linux ilikwisha kuongezewa zana nyingine mwaka 2005, zikiwemo mbinu ya Knuth, Morris na Pratt na ile ya Boyer na Moore, zote zilizochapishwa mwaka 1977. Katika kiini, chombo bora ni kile ambacho mwisho wa kazi yake unajulikana kabla haijaanza.