Daftari la mauzo na thamani yake mbele ya sheria

WAFANYABIASHARA wadogo wengi nchini hukata leseni, wakaitundika ukutani na kuamini kwamba wamemalizana na Serikali. Kumbe leseni ni hatua ya mwanzo tu. Kinachoamua kiasi cha kodi watakachotozwa, na baadaye kama benki itakubali kuwadhamini, ni kitu ambacho wengi hawanacho: daftari la kumbukumbu.

Msingi wa leseni ni Sheria ya Leseni za Biashara Namba 25 ya mwaka 1972, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Sheria hiyo inagawa leseni katika makundi mawili. Kundi A ni la biashara zenye sura ya kitaifa au kimataifa, na leseni zake hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ulioanzishwa mwaka 1999. Kundi B ni la biashara za kawaida, kama maduka ya rejareja, saluni na migahawa. Hizo hutolewa na halmashauri kupitia Afisa Biashara, na maombi sasa hupokelewa kwa njia ya mtandao.

Mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) ambayo hutolewa bure, uthibitisho kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwamba hadaiwi kodi, na mkataba wa pango au hati ya umiliki wa eneo. Anayetumia jina lisilo lake mwenyewe, mathalani jina la duka, hulisajili kwanza BRELA. Biashara nyingine huhitaji vibali vya ziada. Kwa mfano, usimamizi wa ubora na usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019, kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa.

Leseni hudumu mwaka mmoja, na anayechelewa kuihuisha hutozwa adhabu juu ya ada. Mwenye maduka mawili katika mitaa miwili anahitaji leseni mbili, jambo ambalo huwashtua wengi wanapofungua tawi. Kufanya biashara bila leseni ni kosa la jinai.

Mkataba wa pango nao una mtego wake. Mpangaji wa fremu ya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA kama kodi ya zuio kwa niaba ya mwenye nyumba. Asipoikata, deni hilo hudaiwa kwake. Wenye nyumba wengi hukataa kukatwa, na mpangaji anayeogopa kufukuzwa huishia kulipa pango lote na kodi hiyo juu yake. Hapa mwenye makosa kisheria na mwenye nguvu katika mazungumzo si mtu mmoja.

Suala la kumbukumbu ndilo lenye fedha nyingi zaidi. Kwa mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 100 kwa mwaka, kodi ya mapato hukadiriwa kwa kuangalia mauzo ghafi badala ya faida. Utaratibu huu hauhusu kampuni. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019 na kurekebishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni nne hakutozwa kitu. Kati ya milioni nne na saba, asiye na kumbukumbu alitozwa Sh 100,000, ilhali mwenye kumbukumbu alilipa asilimia tatu ya kiasi kilichozidi milioni nne. Kati ya milioni saba na 11, asiye na kumbukumbu alitozwa Sh 250,000, na mwenye nazo Sh 90,000 pamoja na asilimia tatu ya kinachozidi milioni saba.

Tuchukue mfano wa mwenye genge anayeuza kiasi cha Sh 22,000 kwa siku, yaani takriban Sh milioni nane kwa mwaka. Kwa viwango hivyo, akiwa na daftari analipa Sh 120,000. Akiwa hana, analipa Sh 250,000. Tofauti ya Sh 130,000 inatokana na daftari linalouzwa kwa bei ya soda chache. Muuza duka wa Sh milioni tano angelipa Sh 30,000 badala ya Sh 100,000. Katika madaraja hayo mawili, hakuna kiwango cha mauzo ambacho asiye na kumbukumbu hulipa pungufu ya mwenye nazo.

Ugumu huanza pale mauzo yanapovuka Sh milioni 11. Sheria ya mwaka 2022 iliweka asilimia 3.5 ya mauzo yote kuanzia hapo hadi milioni 100. Mwenye kumbukumbu aliyeishia milioni 11 alilipa Sh 210,000. Aliyezidisha kidogo tu alipanda hadi Sh 385,000 na ushei. Si ajabu baadhi ya wauzaji hujikuta wakisita kuonyesha mauzo ya Desemba. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai, hivyo ni vyema kuvihakiki katika ofisi ya TRA kabla ya makadirio ya mwaka.

Kumbukumbu zinazokubalika si lazima ziwe za kihasibu. Daftari la mauzo ya kila siku, risiti za manunuzi, orodha ya wadaiwa na wadai, matumizi, pamoja na fedha anazochukua mwenyewe kwa mahitaji ya nyumbani, hutosha kwa biashara ndogo. Mauzo yakizidi Sh milioni 100, hesabu hutakiwa kuthibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa, kiwango ambacho kabla ya mwaka 2019 kilikuwa Sh milioni 20 tu. Usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani nao ulipandishwa mwaka 2023, kutoka mauzo ya Sh milioni 100 hadi 200.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka mitano. Risiti za mashine za kielektroniki (EFD), zilizoanza kutumika mwaka 2010, huchapwa kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa joto. Anayezirundika kwenye boksi dirishani atabaki na vipande vyeupe siku mkaguzi atakapofika. Dawa yake ni kuzitoa nakala au kuzipiga picha mapema.

Uhusiano wa wafanyabiashara na wakaguzi haujawa shwari. Mei 2023 maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, yalifungwa kwa siku tatu kupinga kikosi kazi cha kodi na usajili wa stoo, na Juni 2024 mgomo mwingine ulienea hadi mikoani. Hata hivyo, mwenye vitabu kamili huingia kwenye mabishano ya makadirio akiwa na ushahidi mkononi.

Sharti la tatu ni dhamana, nalo huwagusa wanaotaka zabuni za umma na mawakala wa forodha. Wakala wa forodha huweka dhamana ili ushuru usiolipwa uweze kufidiwa. Katika mikataba ya ujenzi na ugavi, benki au kampuni ya bima huahidi kumlipa mnunuzi, mara nyingi asilimia 10 ya thamani ya mkataba, iwapo mzabuni atashindwa kazi. Wengi huidhani kuwa bima yao. Sivyo: benki ikishalipa, humgeukia mzabuni na kumdai fedha yake yote.

Kwa sababu hiyo benki huomba amana au hati ya nyumba, na kabla ya hapo hesabu za miaka iliyopita. Asiye na daftari hukwama mlango huu wa kwanza hata kama ana mtaji. Katika baadhi ya zabuni, mzabuni hujaza tamko la dhamana ya zabuni badala ya kupeleka hati ya benki, lakini anayelikiuka huweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma. Aliyeweka amana benki naye adai hati yake ya dhamana kwa mnunuzi mara kazi inapokabidhiwa na muda wa dhamana kwisha, kwani benki nyingi hazifungui fedha hizo hadi zirejeshewe hati halisi.