Robota la Caguwa: Ushuru wa Nguo Chakavu na Jibu la Washington, 2016–2018

Wanafunzi wangu wapendwa, mmeniuliza mara nyingi ni maneno gani ya Kiswahili yaliyohamia katika Kinyarwanda. Leo tuanze na moja ambalo hapa Kimisagara halipiti siku bila kutamkwa: caguwa. Hilo ni kitenzi chetu "chagua" kilichovaa tahajia ya Kinyarwanda. Muuzaji amefungua robota, amemwaga nguo juu ya turubai, anamwita mpita njia aje achague. Wito ukageuka kuwa jina la bidhaa yenyewe. Watanzania na Wakenya huziita nguo hizo mitumba, kwani wao walitazama mzigo ulivyofungwa. Sisi tulimtazama mnunuzi anavyoinama na kupekua. Wazambia nao husema salaula, neno la Kibemba lenye maana hiyo hiyo ya kupekua lundo, jambo linaloonyesha kwamba mgongo wa mnunuzi huinama namna moja kote Afrika.

Historia nitakayowasimulia ni ya neno hilo na ya neno jingine mnalolisikia katika taarifa za habari: vikwazo. Ni historia ya karibuni mno, na wengi wenu mlikuwa shule ya msingi ilipotokea. Wazazi wenu, hasa wale wanaoishi kwa biashara kati ya Kimisagara na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, waliipitia.

Mwaka 2000, mwezi Mei, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya Marekani inayojulikana kwa kifupi AGOA. Sheria hiyo iliziruhusu nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kuingiza maelfu ya bidhaa Marekani bila kulipa ushuru wa forodha. Kwa nguo jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu ushuru wa kawaida wa Marekani kwa baadhi ya mavazi hufika asilimia 32. Nchi maskini zaidi, Rwanda ikiwamo, ziliruhusiwa hata kutumia kitambaa kilichofumwa kwingine, mradi ushonaji ufanyike kwao. Lakini upendeleo huo ulikuwa na masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba nchi inayonufaika iwe inaendelea kuondoa vizuizi dhidi ya biashara na vitegauchumi vya Marekani. Sharti hilo lilikaa kimya ndani ya sheria kwa miaka mingi, na sidhani kwamba kuna muuza caguwa aliyewahi kulisikia.

Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha. Katika mkutano huo huo ambao Sudan Kusini ilikubaliwa kuwa mwanachama, waliazimia kufufua viwanda vya nguo na ngozi, na kuacha hatua kwa hatua kuagiza nguo na viatu vilivyokwisha kutumika, katika muda wa miaka mitatu. Hoja yao haikuwa ngeni. Wazee wa Dar es Salaam wanakikumbuka kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya sitini. Hapa Kigali kipo Utexrwa tangu miaka ya themanini. Viwanda vya namna hiyo vilidhoofika katika eneo letu lote. Sababu zilikuwa nyingi: umeme ghali, mashine kuukuu, usimamizi mbovu, na masoko yaliyofunguliwa ghafula. Kuitwika mitumba lawama yote si haki. Hata hivyo, ni kweli kwamba fundi hawezi kushona shati jipya kwa bei ya shati lililotolewa bure na mtu wa Ohio.

Rwanda haikungoja miaka mitatu iishe. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2016 ilipandisha ushuru wa nguo chakavu kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na wa viatu hadi dola 5. Chukueni kalamu tufanye hesabu. Robota la kawaida huwa na uzito wa kilo 45. Kwa ushuru wa zamani, mfanyabiashara alilipa forodhani dola 9. Kwa ushuru mpya alitakiwa kulipa dola 112 na senti 50 kwa robota hilo hilo, kabla hajajua ndani yake mna nini. Nanyi mnajua kwamba robota halifunguliwi kabla ya kununuliwa: huenda likawa na majaketi mazuri, huenda likawa na suruali zilizopasuka magoti. Zamani bahati mbaya ilimpunguzia mtu faida. Sasa ilimwondoa sokoni.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Mama mmoja jirani yetu, ambaye kwa miaka alisomesha watoto kwa kuuza mashati ya watoto, alianza kununua nusu ya robota kwa kushirikiana na mwenzake, baadaye robo, baadaye akaacha na kuanza kuuza nyanya. Wengine walivuka hadi Goma na Bukavu, ambako nguo hizo ziliendelea kuingia, wakazirudisha kwa njia za panya. Mzigo mkubwa ukawa vifurushi vidogo, na biashara halali ikawa magendo. Pengo lililobaki sokoni halikuzibwa na Made in Rwanda peke yake. Sehemu kubwa ilizibwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka China.

Sasa tuvuke bahari. Nchini Marekani nguo zinazotolewa sadaka hazigawiwi zote kwa maskini. Nyingi huuzwa kwa kilo kwa kampuni zinazozipanga, kuzifunga na kuzisafirisha nje. Kampuni hizo zina chama chao, kwa kifupi SMART. Machi 2017 chama hicho kiliwasilisha malalamiko katika ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, kikidai kwamba azimio la Arusha lilihatarisha ajira 40,000 za Wamarekani na kwamba lilivunja lile sharti la AGOA nililowatajia. Mwezi Juni ofisi hiyo ilitangaza uchunguzi maalumu juu ya Rwanda, Tanzania na Uganda, na Julai ikasikiliza pande zote mjini Washington.

Mnaona Kenya haimo katika orodha hiyo. Kenya ilikuwa imekwisha kujitoa katika azimio mapema. Hesabu yake inaeleweka: mavazi yake yaliyouzwa Marekani yalikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi walitegemea mkataba huo. Kisha Tanzania na Uganda nazo zikalegeza msimamo, na Februari 2018 wakuu wa Jumuiya waliokutana Kampala wakazungumzia kuimarisha viwanda vya nguo bila kushikilia tena marufuku. Waliosema pamoja mjini Arusha walijibu kila mmoja peke yake. Kwa maoni yangu hili ndilo jeraha lililo kubwa kuliko ushuru wowote. Jumuiya inayoweka sahihi pamoja bila kukubaliana mapema nani atambeba nani wakati wa shida, imeandika barua tu. Mwenye nguvu hakulazimika kushindana na nchi nne. Alizungumza na moja moja.

Rwanda ilibaki. Rais Kagame alikwisha kusema mwaka 2017 kwamba nchi ingeendelea na mpango wake wa viwanda hata kama uamuzi huo ungekuwa na gharama. Tarehe 29 Machi 2018 Rais Donald Trump aliipa Rwanda notisi ya siku 60. Muda ukapita, na ilipofika tarehe 30 Julai alitia sahihi tangazo la kuondoa msamaha wa ushuru kwa mavazi kutoka Rwanda, kuanzia siku iliyofuata. Bidhaa zetu nyingine zilizokuwa katika mpango huo hazikuguswa.

Hapa nataka tusimame kidogo kwenye msamiati, maana ndiyo kazi iliyonileta darasani. Je, hiki kilikuwa kikwazo? Neno lenyewe linatokana na kitenzi "kwaza", yaani kumfanya mtu ajikwae. Mwaka 1996, baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka Burundi, majirani wakiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda waliifungia nchi hiyo njia za biashara hadi Januari 1999. Mafuta yalikatwa, malori yakasimama mipakani. Huko kulikuwa kuweka jiwe njiani. Marekani ya 2018 haikuizuia Rwanda kuuza. Iliirudisha tu kwenye foleni ya wanaolipa ushuru. Kwa sheria, huko ni kuondolewa upendeleo. Lakini mwenye kiwanda aliyekwisha kupanga bei zake kwa msamaha ule hasikii tofauti kubwa kati ya maneno hayo mawili. Mimi huwaambia wanafunzi waandike "kuondolewa upendeleo", kisha waeleze kwamba uondoaji ulitumika kama adhabu.

Na adhabu hiyo ilimwangukia nani? Ofisi ya Washington yenyewe ilikadiria kwamba mauzo yaliyoguswa yalikuwa ya dola milioni 1.5 kwa mwaka, karibu asilimia 3 ya mauzo yetu yote kwa Marekani. Kwa taifa, si kiasi cha kutikisa. Lakini tazameni yalikotoka: kwa washonaji wa viwanda vichanga, kama kile cha C&H Garments kilichofunguliwa mwaka 2015 katika eneo maalumu la viwanda la Kigali. Ushuru wa caguwa uliwekwa ili kuwakuza washonaji hao hao. Muuza caguwa hakupata nafuu yoyote kutokana na hatua ya Washington, kwa kuwa robota lake liliendelea kutozwa dola 112. Mama yetu wa nyanya alilipia uamuzi wa Kigali, na msichana wa cherehani akalipia jibu la Marekani.

Siku nilipofundisha somo hili, darasa liligawanyika. Wavulana wa nyuma walisema heshima ya nchi haina bei. Binti mmoja ambaye mama yake bado anauza viatu vya caguwa aliuliza kwa nini heshima hiyo ilipiwe kwenye turubai la mama yake. Sikuwa na jibu la kumtosha. Naamini nchi ina haki ya kupanga ushuru wake bila kuomba ruhusa kwa wauza nguo kuukuu wa ng'ambo. Naamini pia kwamba kupandisha ushuru mara kumi na mbili na nusu kwa mkupuo mmoja, kabla viwanda havijaweza kumvika mtu wa kipato cha chini, kulikuwa haraka mno, na kwamba waliopoteza meza zao sokoni walistahili mkono wa kuwashika.

Kwa kipindi kijacho, kila mmoja atazame kilebo kilichoshonwa kwenye kola ya nguo aliyovaa leo nyumbani, aandike imeshonwa nchi gani, ilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Andikeni pia sentensi moja moja kwa maneno haya: forodha, magendo, upendeleo, notisi, azimio. Walio na shati lisilo na kilebo wamuulize aliyelinunua.