Mswaki wa kawaida au wa umeme: Uchague upi?

MSWAKI wa umeme, ambao zamani ulionekana kuwa kifaa cha watu wa Ulaya na Marekani, sasa unapatikana katika baadhi ya maduka makubwa na ya dawa mijini, ukiwa umepangwa pamoja na mswaki wa kawaida. Tofauti ya bei ni kubwa, na mnunuzi ana haki ya kujua iwapo tofauti ya usafi nayo ni kubwa kiasi hicho.

Kazi ya mswaki wa aina yoyote ni kuondoa ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, bakteria hao hugeuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno, na fizi huvimba na kutoa damu. Ukoga ukikaa hugeuka ugaga mgumu, ambao hauondoki kwa mswaki wowote bali kwa vifaa vya daktari wa meno.

Mswaki wa nyuzi za nailoni ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na ule wa umeme ulibuniwa Uswisi mwaka 1954.

Mwaka 2014, taasisi ya kimataifa ya Cochrane, inayochambua tafiti za tiba, ilitoa mapitio ya tafiti 56 zilizohusisha zaidi ya watu 5,000. Ilibainika kuwa waliotumia mswaki wa umeme walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 11 katika kipindi cha mwezi mmoja hadi mitatu, na asilimia 21 baada ya miezi mitatu. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa asilimia 6 na 11 katika vipindi hivyo.

Hata hivyo, watafiti hao walieleza kuwa haikuwa wazi tofauti hiyo ina uzito gani kwa afya ya kinywa ya mtumiaji. Kwa hiyo, anayetumia mswaki wa kawaida kwa usahihi hana sababu ya kujiona amepungukiwa.

Wanaonufaika zaidi na mswaki wa umeme ni wale ambao mkono wao hauna wepesi wa kutosha: wazee, wenye baridi yabisi ya vidole, waliopata kiharusi na baadhi ya watu wenye ulemavu. Unafaa pia kwa wenye haraka, kwani mingi ina kipima muda cha dakika mbili, na kwa wanaosugua kwa nguvu, kwani baadhi hutoa ishara mtumiaji anapokandamiza kupita kiasi.

Kabla ya kununua, uliza kama vichwa vya akiba vinapatikana dukani. Kichwa hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne, sawa na mswaki wa kawaida, na kisipopatikana mpini hubaki hauna kazi. Mpini mmoja unaweza kutumiwa na familia, lakini kila mtu lazima awe na kichwa chake. Kumbuka pia kuwa kifaa hicho hutegemea chaji au betri.

Namna ya kutumia nayo hutofautiana. Mswaki wa kawaida huinamishwa kuelekea kwenye fizi na kusogezwa kwa miendo mifupi na ya taratibu. Wa umeme hausuguliwi. Huwekwa juu ya jino kwa muda mfupi, kisha huhamishiwa jino linalofuata.

Uamuzi wowote utakaoufanya, chagua mswaki wenye nyuzi laini na kichwa kidogo kinachofika kwenye magego ya nyuma. Piga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja kati ya hizo ikiwa kabla ya kulala, kwa dakika mbili kila mara, ukitumia dawa ya meno yenye madini ya floridi. Watoto wadogo wasimamiwe na mtu mzima, na wawekewe dawa kidogo tu.

Mwenye kipato kidogo asijinyime mahitaji mengine kwa ajili ya mswaki wa umeme. Fedha hizo zitafaa zaidi kubadilisha mswaki wa kawaida kwa wakati na kupimwa meno, hasa kama fizi zinaendelea kutoa damu hata baada ya kusafishwa vizuri kwa wiki mbili.