Kamusi Hutungwa kwa Ajili ya Nani?

Wanafunzi wa siasa hufundishwa kuuliza swali moja mbele ya kila chombo cha jamii, kiwe kiwanda, shamba au benki: chombo hiki kinamtumikia nani? Swali hilo ni nadra kuulizwa juu ya vitabu vya marejeo. Gazeti tunalisoma kwa tahadhari, tukitafuta msimamo wa mwandishi. Lakini kamusi tunaiamini kama mnunuzi anavyoamini mizani ya dukani. Historia ya kamusi za Kiswahili inaonyesha kwamba mizani nayo ina mwenyewe.

Kamusi kubwa za kwanza hazikutungwa kwa ajili ya Waswahili. J. L. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu huko Unguja, alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870. A. C. Madan akafuata na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili-Kiingereza mwaka 1903. Kazi ya watu hawa ilikuwa kubwa, na mwanafunzi mkweli wa historia haibezi. Hata hivyo, maneno yalitoka vinywani mwa wenyeji, na maelezo yakaandikwa kwa Kiingereza. Mwenye lugha alitoa malighafi; aliyefaidi ni mmisionari, mfanyabiashara na, baadaye, Bwana Shauri. Ni uhusiano uleule tunaoujua katika pamba na nguo.

Hatua ya pili ilikuwa usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kitabu cha shule kilihitaji idhini ya Kamati hiyo, ambayo katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili zilizotokana na kazi ya Johnson na Madan, moja ya Kiswahili-Kiingereza na nyingine ya Kiingereza-Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 40 mwalimu wa Kiswahili aliyetaka kuhakikisha maana ya neno la lugha yake alilazimika kwanza kujua Kiingereza.

Lakini tusiichambue historia kwa upande mmoja. Johnson huyohuyo alitoa mwaka 1935 kamusi ndogo ya Kiswahili kwa Kiswahili. Zaidi ya hayo, lugha iliyosanifiwa ili kurahisisha utawala iligeuzwa na watawaliwa kuwa chombo cha umoja. TANU ilipoundwa mwaka 1954 haikuhitaji mkalimani katika mikutano yake mingi. Huo ndio ukinzani wa mambo: mkoloni alinoa panga kwa kazi yake, likashikwa na mkono mwingine.

Baada ya Uhuru kazi ilibadilika. Mwaka 1964 shughuli za iliyokuwa Kamati ziliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda BAKITA. Mwaka 1981 Taasisi ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambamo neno la Kiswahili linaelezwa kwa Kiswahili. Msomaji aliyelengwa sasa ni mwananchi mwenyewe. Ni kweli kwamba mchapishaji wake alikuwa Oxford University Press, na jambo hilo linatukumbusha kuwa kumiliki maarifa na kumiliki mtambo wa kuyachapa ni mambo mawili.

Nguvu ya kitabu cha maarifa haikai rafuni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu chepesi juu ya malaria, maji na vyoo, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kitabu kile hakikuwa na fahari ya kamusi, lakini kilieleza jambo kwa lugha ya mtu anayelihitaji, na kikafikishwa mahali alipo. Hayo mawili ndiyo masharti ya kila kitabu cha marejeo.

Tukipima kazi yetu kwa masharti hayo, upungufu unaonekana. Taasisi ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini shule za sekondari zimeendelea kufundisha sayansi hizo kwa Kiingereza, na kamusi isiyotumiwa darasani hugeuka pambo. BAKITA ilitoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mkulima mwenye mgogoro wa shamba atafaidika na badiliko hilo pale tu atakapoweza kuisoma na kuielewa sheria ya ardhi bila kumlipa mtu wa kumsomea.

Kwa hiyo kada anayefika kijijini asiishie kuhesabu madarasa. Aulize: ipo kamusi hapa? Kipo kitabu kinachoeleza sheria ya ardhi, magonjwa ya mifugo, hesabu za ushirika? Nani anakishika, na kabati linafunguliwa saa ngapi? Mwanafunzi naye, kila afunguapo kitabu cha marejeo, atazame kimeandikwa kwa lugha ya nani na kwa haja ya nani. Wananchi wasio na mahali pa kuhakikisha neno watabaki kumtegemea anayewasomea, na anayewasomea anaweza kuruka mstari.